Mama, Sindano Ile Haikutosha

Mama,

Mwaka umepita na bado sijakuomba msamaha. Watu wa hapa Nyololo wanaamini nilikufanyia yote. Siku ya mazishi mchungaji alisimama akasema, "Huyu mama alitunzwa na binti yake nesi kama yai," na kanisa zima likaitikia. Nilitamani ardhi ipasuke. Ukweli tuliujua mimi na wewe na Baba, na wewe hukuusema mpaka ulipokata roho.

Unakumbuka ilivyoanza. Mwaka juzi mafua yalikushika Juni, yakashuka kifuani, yakawa nimonia, ukalazwa wiki mbili. Ulipotoka ulikuwa umebaki macho tu. Nikaapa hayatarudi. Kwenye kituo chetu cha afya Ipogolo nikamwuliza Daktari Festo, akaniambia ipo chanjo ya mafua makali, wazee wa nchi nyingine huchomwa kila mwaka kabla ya msimu wa baridi, ila kwetu haimo kwenye chanjo tunazotoa. Mpaka uitafute mwenyewe. Niliitafuta miezi. Mwishowe yeye akaipata Dar es Salaam alipokwenda semina, dozi moja tu, na Baba akasema, "Mpe mama yako. Kifua changu mimi ni chuma."

Nilipanda nayo Nyololo nimepakata kile kiboksi cha barafu kama mtoto mchanga. Nikakukuta uani unapukuchua mahindi. "Mafua nayo yana sindano?" Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Upendo, mwanangu, siku hizi mnachoma kila kitu." Kisha ukakunja mkono wa sweta, ukageuzia uso ukutani. Nilipomaliza nikakuwekea pamba, nikasema, "Haya Mama, sasa mafua hayakuwezi."

Hayakuwezi. Nilisema hivyo. Mimi niliyesomea.

Na wewe ukaamini, kwa nini usiamini? Baada ya ile nimonia ulikuwa umeacha kwenda misibani wakati wa baridi. Ukaanza tena. Kwaya ya akina mama ilipokwenda kuimba kwenye msiba wa Igowole ulipanda nao lori, manyunyu yakawanyeshea njia nzima, na nusu ya wenzako walikuwa wanakohoa. Ulipoambiwa ukae mbele kwa dereva ulikataa. "Mimi binti yangu amenichanja." Mama mdogo Eliza ndiye aliyenisimulia haya. Anaiga sauti ya dada yake vizuri mno. Nilimwomba aache.

Siku tano baada ya msiba ule ulinipigia. Ilikuwa Jumanne, nilikuwa kazini, foleni ya kliniki imefika nje. Ukasema mwili umechoka, chakula hakina ladha. Ukasema, ukicheka, kwamba Baba anakuona umepotea kidogo, jana umemwita mbuzi kwa jina la Eliza. Nami nikacheka. Nikakuuliza, "Una homa?"

"Sina homa."

"Basi si yale mafua, wewe umechanjwa. Ni baridi tu. Kunywa chai ya tangawizi, kaa karibu na moto. Nitakuja Jumamosi."

Mama, nilifundishwa darasani kwamba mwili wa mzee unaweza kuugua sana na usitoe joto. Nilifundishwa kwamba mzee akianza kuchanganya mambo ghafla, usingoje. Angepiga simu mtoto wa mzee mwingine akanieleza hayohayo, ningemwambia amlete sasa hivi. Kwako wewe nilitanguliza sindano yangu. Niliisikiliza hiyo, sikukusikiliza wewe. Na nilicheka. Kile kicheko ndicho kinachonirudia nikiwa naosha vyombo, nikiwa nampima mjamzito presha, popote.

Alhamisi asubuhi Baba alipiga. Hakusalimia. "Midomo ya mama yako imekuwa kama ya mtu aliyekula zambarau." Alikuwa ameshapata gari la jirani. Nilipofika hospitali Mafinga mlikuwa mmetangulia, umewekewa oksijeni, mbavu zinapanda na kushuka kama za mtu anayekimbia. Vipimo vikaonyesha ni mafua yaleyale niliyokuambia hayakuwezi. Ukafumbua macho, ukanitazama muda mrefu, ukasema, "Leo si Jumamosi."

Basi. Hukuniambia neno jingine. Sijui kama ulikuwa unanilaumu au ulifurahi kwamba nimewahi. Nimeyageuza maneno hayo kila upande. Ijumaa saa nne asubuhi ukatuacha, Baba ameshika miguu yako kwa sababu ilikuwa ya baridi na alidhani akiipasha joto itasaidia.

Niliporudi kazini nilimfuata Daktari Festo kwa hasira. Nilimwambia dawa yake ilikuwa maji. Hakukasirika. Akaniketisha, akanieleza polepole kama anayeongea na mgonjwa. Kwamba chanjo huuonyesha mwili sura ya adui. Mwili wa kijana huikariri, wa mzee huonyeshwa ukasahau nusu. Ndiyo maana wenzetu wametengeneza chanjo za wazee, nyingine dozi yake ni kubwa zaidi, nyingine zimetiwa kitu cha kuushtua mwili usikie vizuri. Hata hizo hazizuii kila mara, zinapunguza tu. Na kwamba wanaoishi na mzee nao huchanjwa, wasije wakamletea.

"Kama ningempatia ile kubwa, angepona?"

"Sijui, Upendo. Hakuna atakayejua."

Nilikwenda kuitafuta hata hivyo. Usiniulize kwa ajili ya nani, wewe ulikuwa umeshazikwa. Nilizunguka maduka ya dawa ya Iringa mjini, nikapiga simu Mbeya, nikapiga Dar. Wengine hawakujua naongelea nini. Dada mmoja wa Mbeya alikuwa mpole, akaangalia kwenye kompyuta yake, akasema, "Hiyo hatuna, dada yangu. Hata ile ya kawaida haiuliziwi na mtu."

Mwaka huu, Machi, nilipata dozi nne za ile ya kawaida. Nikaja nazo mpaka kwenye mazoezi ya kwaya yako. Nilitaka kuwaambia wenzako ukweli wote: kwamba haitoshi, lakini bora nusu ya kinga kuliko kukaa mtupu, kwamba mtu akichanjwa bado ajihadhari, na akiugua awahi. Niliyapanga maneno njia nzima. Sikufika mbali. Mama mdogo Eliza alinyanyuka taratibu kwenye benchi, akasema, "Dada yangu alichanjwa, akafa. Sasa unataka tumfuate?"

Hakusema kwa ubaya. Hakuna aliyenigombeza. Walinikumbatia mmoja mmoja, wakanifungashia viazi, wakasema wataniombea. Ingekuwa afadhali wangenitukana. Nilirudi na dozi zangu. Moja nikajichoma mwenyewe, jambo ambalo nilipaswa kulifanya zamani. Mbili niliwachoma wazee wa Ipogolo waliokubali. Ya nne nilikuwa nimemwekea Baba.

Nilimfuata shambani anapalilia viazi. Aliniacha nikamaliza kueleza, akaegemea jembe. "Hicho kitu kilikufanya umwambie mwenzangu uongo. Sitaki uniambie na mimi." Akaendelea kupalilia. Nilisimama pale mpaka barafu ikayeyuka. Mwishowe chanjo iliharibika, nikaitupa.

Mama, ningependa kukuandikia kwamba kuna kitu kilichobadilika kwa ajili yako. Hakuna. Eliza amepungua, amekuwa mdogo kama wewe mwaka ule wa nimonia. Wazee wawili wa mtaa wa juu wamekwenda baridi hii, watu wanasema ni uzee, na hakuna aliyewapima kujua. Huenda hiyo chanjo kubwa itafika Nyololo siku moja. Nadhani itawakuta wengine, si hawa ninaowajua kwa majina.

Nimeomba uhamisho. Nimeupata, zahanati ya huku, tangu mwezi uliopita nalala katika chumba changu cha zamani. Kazini wamenishangaa, kuacha mji. Baba ananiachia maji ya moto kwenye sufuria kila asubuhi. Analala upande wako wa kitanda na hataki nibadilishe shuka.

Nisamehe kwa zile siku mbili. Nisamehe kwa kucheka. Usiponisamehe pia nitaelewa.

Pumzika, Mama. Mzee wako nitakaa naye. Siwezi kukuahidi kwamba nitamwokoa, nimeshajifunza kutoahidi hivyo. Ninachokuahidi ni kwamba hatakufa akinisubiri.

Mwanao,
Upendo