Hodi ya Tatu

4 Machi

Mdogo wangu Fundi,

Pokea salamu za kaka yako. Natumaini magoti yamekuhurumia na cherehani bado inakutii. Mimi ningesema nashukuru, lakini wewe si mtu wa kuambiwa hivyo ukaridhika. Basi jua kwamba pumzi sasa ni ya kuomba. Wameniwekea mashine ya hewa kando ya kitanda, inanguruma kama paka aliyeshiba, na daktari ameacha kuniambia "tuonane mwezi ujao".

Sasa sikia. Televisheni wameanza kurudia Mji wa Mwezini, mchezo wetu wa zamani. Wajukuu wanacheka roketi zetu za mabati, lakini akitokea Bwana Hodi wanaingia chini ya meza. Unamkumbuka, maana joho lake ulilishona wewe: bitana ya pazia jeusi, buti za mvua, chandarua usoni, na mkebe wa maziwa mdomoni ili sauti itoke kama kisimani. Mhalifu mdogo tu, alionekana mara tano. Nilipomwandika nilitaka jambo moja. Nje ya milango ya mji ule hakuna hewa, hakuna kiumbe anayeweza kusimama pale. Kisha mlango unabishwa. Hodi. Hodi. Ikifika ya tatu, mwenye chumba anajikuta ameitika "karibu" bila kupenda, na haonekani tena.

Juzi kijana wa gazeti alinipigia simu. "Mzee, nani aliigiza Bwana Hodi? Mwishoni majina yote yapo, lake halipo." Nikamweleza mtindo wetu: joho lilikuwa tanuri, hakuna mwigizaji aliyelitaka, kwa hiyo alilivaa yeyote asiyekuwa na kazi saa ile. Kwanza fundi taa. Halafu seremala. Halafu dereva wa gari la vyombo. Mara ya nne mimi mwenyewe, nikatoka nimelowa chepechepe. "Na mara ya mwisho?" Siku ile nilikuwa nyumbani na homa, na wote niliowauliza baadaye waliapa si wao.

Nawe unajua ilivyokwenda. Niliandika amchukue yule mzee wa mitambo. Anasimama mlangoni, anasema hodi, anasema hodi, kisha hasemi tena. Anainamisha kichwa kidogo, anageuka, anaondoka. Mwongozaji aliipenda, akaiacha hivyo hivyo. Mimi nilivunja kikombe ukutani, nikaapa kwamba aliyeniharibia mwisho wangu sitampa mkono mpaka kaburini.

Kaburi sasa liko jirani, na nakuungamia wewe peke yako: naogopa. Tangu waanze kuurudia mchezo, alasiri nyumba ikiwa tupu, nasikia hodi mlangoni. Mara mbili. Kisha kimya. Ile ya tatu aliyoibakiza, Fundi, naona aliniwekea mimi.

Kaka yako


15 Machi

Kaka,

Shikamoo, na usiitikie kwa nguvu, tunza pumzi. Mimi mzima. Magoti yananiuma kabla ya mvua, majirani wameacha kusikiliza utabiri wa hali ya hewa, wanakuja kuniuliza mimi.

Barua yako nimeisoma nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Wewe uliyewakojolesha watoto wa watu vitandani, leo unaogopa bitana ya pazia? Yule nilimkata kwa mkasi wangu. Nguo haikutosha, ndiyo maana ana viraka viwili mgongoni, tukawa tunamkataza asigeuke kwenye taa. Zimwi gani lina viraka? Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hili ulilichuma peke yako.

Hiyo hodi ni ya muuza mboga, au ya masikio ya uzeeni. Dawa nazo zina vituko vyao. Mwambie mwanangu, huyo binti yako, apange kazi yake akae nawe alasiri. Na nesi wa sindano bado anakuja? Mheshimu, usimfundishe fizikia.

Habari za nani alivaa waachie watu wa magazeti. Wengi wao wamekufa. Waache walale.

Mdogo wako


29 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwanza, nisije nikaitwa asiye na adabu. Habari za magoti? Za majirani wako wanaosubiri mvua? Hapa mwanao anakusalimu, na wajukuu wanauliza shangazi bibi anakuja lini.

Umenichekesha, lakini hukunijibu.

Kitanda changu wamekishusha sebuleni ili nisipande ngazi. Nalala nikiutazama mlango wa mbele. Una kioo cha ukungu, kwa hiyo mtu akisimama nje sioni uso, naona mabega tu. Jumanne mabega yalisimama pale. Hodi. Sikutambua kama ni sauti ya mwanamke au ya mwanamume, mashine inanguruma. Hodi. Niliuma shuka. Binti yangu alipoondoka kwenda kazini nilikuwa nimejikokota kwa kushika ukuta, nikasukuma komeo. Mabega yakangoja, yakaondoka.

Alikuwa nesi.

Jioni miguu ilivimba kama magunia, pumzi ikakata, wakanibeba hospitali. Binti yangu alimpigia nesi simu mbele yangu. "Dada, unalipwa kwa kazi gani? Baba yangu angekufa leo!" Nikasikia yule dada akijitetea: "Nilikuja, mama, haki ya Mungu nilikuja, nilibisha." "Ulibisha wapi, kwenye ndoto?" Nami nilikuwa nimelala pale, macho nimeyafumba, sikusema neno. Mwalimu mzima. Wamenirudisha sebuleni, na Ijumaa nikasukuma komeo tena.

Daktari amesema sindano zikiendelea kukatika hatanihesabu tena miongoni mwa wagonjwa wake. Hesabu hiyo naielewa. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote, najua bitana ni bitana. Mwili ndio haukusoma fizikia. Kivuli kikipita kwenye kioo, mikono yangu inatafuta komeo kabla sijaiamuru.

Joho lile halikuwa na kifungo. Kila aliyelivaa ulimshona humo kwa sindano na uzi, mgongoni, kisha ukamfumua akitoka. Hakuna aliyeweza kuingia mle bila mikono yako. Kwa hiyo unajua. Niambie ni nani. Kama alikuwa mtu, mwenye mama na miguu inayonuka, nitafungua mlango. Na kama siku ile hukumshona mtu yeyote, nalo niambie. Usiniache nife nikiuliza.

Kaka yako


6 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, umeshaniambia, na tangu niisome barua yako sindano inanichoma vidole.

Siku ile sikumshona mtu yeyote.

Usiruke mstari, soma polepole. Sikumshona mtu kwa sababu mtu mwenyewe nilikuwa mimi. Dereva alitakiwa alivae, akazimia kwa joto kabla hawajawasha kamera. Mwongozaji anapiga kelele, taa zinaungua, na mimi ndiye niliyekuwa mrefu kuliko waliobaki. Nani anishone mgongoni? Nikaligeuza joho, nyuma ikawa mbele, nikajishona mwenyewe kifuani. Waambie wajukuu watazame vizuri sehemu ile ya mwisho. Viraka viko tumboni. Miaka yote hii viko tumboni, na wewe mwenye macho ya kusahihisha mitihani hukuviona!

Nilikusudia kusema hodi zote tatu. Karatasi yako niliijua kwa moyo, maana ulikuwa ukinisomea nikipiga pasi. Lakini mzee yule aliyeigiza fundi mitambo alikuwa amemzika mkewe wiki ile, akaja kazini hivyo hivyo. Nilimwona kupitia chandarua. Hakuwa akiigiza, Kaka. Nilipokwisha kusema ya pili, midomo yake ilitikisika, nikainamisha kichwa nisikie. Akasema, "Bado." Kimya kimya, kamera haikumsikia. "Bado, tafadhali." Unadhani ningesema ya tatu? Nikageuka nikaondoka.

Mwongozaji niliyemwomba asinitaje hakunitaja. Wewe ulikuwa umekwisha kuapa, na wewe kiapo chako ni kiapo. Mimi nilikuwa na kaka mmoja tu. Basi nikanyamaza, tukala pamoja, tukazika wazazi pamoja, nikakuuguzia mkeo, wifi yangu, nikiwa nimenyamaza. Sasa umeshanipa mkono mara elfu bila kujua, kiapo chako kimeoza zamani.

Mfungulie nesi. Mwambie binti yako ukweli. Jumamosi napanda basi, litafika kwenu kama saa kumi alasiri. Nitapiga hodi. Usipoitika nitapiga ya pili. Ya tatu sipigi. Nitaweka mkoba chini, nitakaa kizingitini na magoti yangu haya, mpaka uwe tayari.

Mdogo wako


12 Aprili, Jumamosi

Mdogo wangu,

Barua hii haiendi posta. Naiweka chini ya kikombe, uikute mezani, maana nikikuona nitalia na pumzi ya kulia na kusema kwa pamoja sina.

Wajukuu wametazama. Viraka viko tumboni. Wamecheka mpaka wakalala sakafuni, na kwa mara ya kwanza hawakuingia chini ya meza. Nesi nimemfungulia Jumatano. Komeo lilinigomea, akanisaidia kwa kuuegemea mlango kwa upande wake, taratibu, "Pole pole, baba, sina haraka." Nimemwomba radhi mbele ya binti yangu. Binti yangu alinitazama kama nilivyokuwa nikimtazama mwanafunzi niliyemkuta na majibu ya mtihani. Kisha akaenda jikoni akampikia nesi chai.

Nimekaa na habari yako siku zote hizi. Nilikivunja kikombe bure. Mwisho wangu ulikuwa wa mtu asiyewahi kusimama upande ule wa mlango. Mkono ninao, uje uuchukue.

Lakini nisikudanganye dakika za mwisho: hofu haikutoka. Imesogea tu, imekaa karibu na miguu. Wakati mwingine nadhani Bwana Hodi uliyekuwa ndani yake ni mmoja, na yupo mwingine ambaye hakuna aliyemshona. Leo miguu ni baridi tangu asubuhi. Binti yangu ametoka kununua vitu vya kukupokea. Komeo liko wazi, nimelihakikisha mwenyewe.

Ni saa nane na nusu. Basi lako bado liko njiani.

Kaka yako

Fundi, kuna mabega kwenye kioo.

Hodi, amesema. Mashine inanguruma, sauti siitambui. Labda basi limewahi. Labda si wewe.

Hodi.

Nangoja ya tatu. Nisamehe mwandiko. Neno la kumwondoa ninalijua, umenifundisha wewe, liko kwenye ncha ya ulimi.

Hajasema. Mabega yameshuka chini polepole, kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa.

Karibu.