Kidumu cha Maziwa Kinarudi Kitupu

Musinzira, Gitega

Mama yangu mpenzi,

Amani ya Mungu ikufikie hapo Muyinga, uwe umekaa mlangoni au uko zizini. Je, mshono wa ubavuni bado unakuvuta ukiinama kukamua? Nauwaza kuliko wangu, maana figo iliyotoka hapo ndiyo ninayoishi nayo.

Mimi si mzima. Nilipokwambia mifupa inaniuma, ukaanza kunitumia maziwa ya kuganda kwa kila dereva anayekuja Gitega. Mgonjwa haulizwi uji. Nilikunywa yote, hata tumbo lilipokataa, nikijua mwenye ng'ombe mmoja amejinyima. Maumivu yakazidi, nikashikwa na kiu isiyokatika, na siku hizi nikishona gauni moja inabidi nilale mkekani kabla ya kushika jingine.

Jumatatu daktari alitazama majibu ya damu, akaniuliza ninakula nini. Nikamtajia maziwa yako kwa fahari.

"Bon, dada, maziwa acha kwanza," akasema. "Kalsiamu iko mingi sana mu damu. Inaanza kuharibu figo."

"Ile ya mama?"

"We uko na ingine?"

Akanieleza taratibu. Shingoni tuna tezi nne ndogo kama punje za mchele, zinazoamuru mifupa itoe kalsiamu. Miaka ile figo zangu zilipokuwa zimekufa, tezi hizo zilizoea kufanya kazi kupita kiasi, zikavimba. Figo yako ilipoingia zilitakiwa zitulie, hazikutulia. Zinakula mifupa yangu na kuimwaga kalsiamu kwenye damu, na sisi tukawa tunaiongezea kwa maziwa. Dawa zimeshindwa. Itabidi nipasuliwe shingo kule Bujumbura, watoe tatu na nusu, wabakize kipande.

Anasema baada ya hapo mifupa itakuwa na njaa, nitayahitaji maziwa. Alisema akicheka. Mimi nimechoka, Mama. Nilishapasuliwa nikaambiwa yamekwisha, sina tena moyo wa kuamini. Kisu sikiogopi sana. Naogopa kukujia siku moja nikwambie kwamba kile ulichokatwa ubavuni kimefia ndani yangu.

Nisalimie mjomba fundi viatu na shangazi wa sambusa. Mke wa kaka mwambie gauni la mtoto halijaisha, anisamehe. Niombeeni dua.

Dereva aliyekuletea barua hii amebeba na kidumu chako. Nimekiosha. Najua kwetu chombo hakirudi kitupu, sembuse cha mama, na nilishatia mchele ndani. Kisha nikautoa. Kikija na kitu utakijaza tena, nakujua, kwa hiyo kinakuja kitupu, usinione sina adabu.

Usikijaze. Ulishanipa cha kutosha, nami nimeshindwa kukitunza.

Mwanao,
Hadija