Mfuko wa Kilimani

Kitale, Jumanne, Februari 2004

Barasa ananidanganya, nina hakika. Nilimtuma msaidizi wangu huyo achote udongo kwenye ule msitu mkavu nje ya Kachibora: mfuko mmoja wa bondeni, mwingine wa kilimani. Leo ameleta yote miwili na udongo ni mweusi, tena una unyevu.

Kiangazi hiki? Kule juu sasa ni changarawe na majani makavu yasiyotaka kuoza. Rutuba yote mvua ilishaiteremsha bondeni. Na viatu vyake havikuwa hata na vumbi.

"Barasa, ulipanda kweli?"

"Haki ya Mungu, madam, nilifika juu kabisa."

Nikamwambia udongo wa kilimani hauwezi kuwa hivyo. Akaenda kwenye rafu, akashusha mfuko nilioleta mimi wakati wa masika, umeandikwa "kilimani" kwa mwandiko wangu. Akauweka kando ya wake.

"Lakini si unafanana na wako, madam?"

Siku ile mvua ilinyesha na njia ikateleza. Nami sikupanda; mifuko yote miwili niliijazia bondeni. Ripoti ya udongo ule ilishakwenda.

Barasa hakucheka. Sijui alikuwa ananiuliza au ananiambia.