Askari Wangu Wamelala Njiani

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya misa tumecheza kwa kina Gisèle, mtaani Katoyi. Mawe meusi ya volkano ndiyo nyota, vizibo vya soda ndio askari. Mchezo huu wa vita vya angani nimeutunga mimi! Lakini nani anasifiwa? Cédrick, aliyekuja juzi tu kutoka Bukavu. Kashauri eti meli za kubeba askari ziende polepole kuliko meli za vita, kama Fuso iliyojaa viazi. Gisèle akacheka mpaka akamshika bega. Bega! Mimi mwaka mzima kanigusa mkono mara moja, tena akinipa sahani.

Nampenda. Sijamwambia.

Nimepakia askari wangu wote waende kuvamia nyota kubwa ya Cédrick. Safari ya zamu tatu. Baharanyi, mwamuzi wetu, kavitia vizibo mfukoni, wengine hawajui kitu. Sheria niliiweka mwenyewe: wakishapakiwa wanalala usingizi wa safari, hakuna amri itakayowafikia mpaka watue. Atanitambua!

Jumatano, 10 Septemba

Zamu moja imepita. Cédrick ana viatu vipya. Sina la zaidi.

Jumapili, 14 Septemba

Siku mbaya. Cédrick kasimama, kainua ile nyota yake kubwa, kampa Gisèle mbele ya watu.

— Kwetu mutu wa maana anapewa ng'ombe. Miye sina ng'ombe, twaa hii nyota.

Gisèle kaipokea kwa mikono miwili. Makofi! Hata mama yake, Mama Séraphine, kapiga. Na kwetu Masisi ni vilevile: ng'ombe wa zawadi si mzaha, aliyetoa na aliyepokea wamefungamana. Mimi, mtoto wa wafugaji, kwa nini sikuwaza hilo? Wivu tu!

Halafu nikakumbuka: askari wangu wanaenda huko huko! Sasa watamvamia Gisèle. Nikamvuta Baharanyi pembeni, nikamwomba awageuze. Hakutaka hata kusikia.

— Sheria ni ya weye, Darius. Banalala.

Jumatano, 17 Septemba

Baharanyi amechelewa, naandika hapa hapa kwenye meza ya mchezo. Wanatua leo.

Gisèle kaja kuketi karibu nami. Kasema ameondoa walinzi wote kwenye nyota yake mpya, kawapeleka mbali. Nikamuuliza kwa nini.

— Jirani yangu ni weye. Nitaogopa nini?

Moyo uliniuma! Nimwambie tu kwamba askari wangu wanakuja. Zamu haijaanza, anaweza bado kuwarudisha walinzi. Nimwambie na lile lingine pia, liishe. Nikamwita jina. Akanigeukia, anangoja.

Ndipo Cédrick kaingia. Viti vimejaa. Gisèle kainuka upesi, kampa chake, kaenda kusimama nyuma yake.

Kaniuliza kutoka huko: Darius, ulitaka kusema nini?

Nimesema hakuna kitu. Baharanyi huyo mlangoni. Basi, watue!