Mlango wa Mjomba Ngollo

Kanyenye, Tabora
9 Novemba 1937

Mpwa wangu mpendwa Silasi,

Shikamoo yako imenifikia salama kutoka Korogwe, nami naitika marahaba kwa moyo wote. U hali gani? Kifua kile cha mwaka jana kimepoa? Mkonge haujakumaliza mikono? Sisi hapa tu wazima. Mvua za kwanza zimegusa, vumbi la Kanyenye limelala, na bibi yako Tekla bado anawatukana kuku wake kila asubuhi, ndipo tunajua kumekucha na yeye yu mzima.

Sasa nije kwenye swali lako, maana limenichoma. Umeuliza kama ni kweli mjomba wako Ngollo amerukwa na akili, kwamba siku nyumba yake inateketea yeye alikuwa akicheka. Unasema kaka yako Raymundi amekuandikia hivyo, na anakutaka wewe, mpwa ambaye neno lako lina uzito katika ukoo, umwambie mtemi amwondoe mwanangwa mwenye wazimu, mkuu wa kijiji asiyefaa, naye Raymundi ashike kijiji. Mtemi atalisikiliza shauri hilo mwezi ujao. Basi nisome polepole kabla hujafungua kinywa.

Ni kweli alicheka. Nilikuwapo.

Unajua malale yalivyotumaliza kule upande wa Ulyankulu. Mkazamjomba wako Apolinaria alikwenda nayo kiangazi hiki, akisinzia huku ameshika mwiko. Ndipo serikali ikatoa amri: kijiji chote kihamie makazi mapya, kulikofyekwa, mbali na mbung'o. Kila mtu achukue vyombo, chakula na mbuzi wake. Nyumba zichomwe pamoja na milango yake, mtu asipate cha kurudia. Mimi sibishani na dawa, nabishana na fimbo. Kijiji cha jirani walikataa wakatolewa kwa viboko, na mama mmoja mzee akavunjika mkono. Ngollo aliambiwa wazi: watu wako waondoke wenyewe kabla jua halijazama, au askari watawatoa.

Siku ilipofika hakuinuka mtu. Waliketi uani wamekumbatia magoti, wakimtazama Ngollo kama mtu aliyewauza. Alikwisha sema nao, alikwisha wabembeleza. Mimi nami nilisimama nikahutubia, na unanijua nikihutubia. Hata mbuzi walinigeuzia mgongo. Mwishowe Ngollo akasema nyumba yake ianze kuchomwa, waone kwamba hakujipendelea. Askari akaleta kijinga cha moto.

Hapo akatokea Mfaume. Unamkumbuka, yule fundi cherehani Mzaramo aliyeoa kwetu, ambaye babu yake alikuja na msafara akaishia hapa. Aliung'oa mlango wa Ngollo, ule wa mninga alioutengeneza mwaka aliomwoa Apolinaria, akajitwika kichwani, akashika njia ya makazi mapya huku akipayuka:

"Wanyamwezi, tazameni! Babu zenu walibeba pembe mpaka pwani wakalipwa shanga! Leo Mzaramo anawabebea mlango! Ngollo, huu nimeuteka, utaukomboa kwa mzinga wa asali!"

Ngollo aliduwaa. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, na moto ukiwa nyuma yake umeshapanda paa.

"Mzaramo wewe! Tangu lini ukabeba kitu kizito kuliko ngoma? Utaanguka nao hapo mbele nikuzike chini yake!"

Kijana wa Kizungu aliyesimamia uchomaji akadhani ni wizi. Akaamuru, na askari wakamdaka Mfaume. Silasi, hapo damu ingemwagika, maana vijana wetu walikwisha okota mawe. Ngollo akasogea, bado machozi ya kicheko yako shavuni.

"Mwachie, bwana. Hakuiba, huyu ni mtani wangu. Kuchukua mlango wangu ni haki yake. Ukimfunga, nani atanitukana mimi?"

Mkalimani, mtu wa Bagamoyo, alicheka mpaka akashindwa kutafsiri. Yule kijana akatutazama kama watu wa mwezini, akapunga mkono: mwacheni.

Mfaume akatimua mbio na mlango. Ngollo akajitwika mtungi, akamfuata akimporomoshea matusi. Bi Flavia, aliyeapa kufia uani kwake, akainuka, akajitwika kinu, akamwuliza Mfaume kwa sauti kama na yeye atamteka. Kijiji kizima kikaangua kicheko, na kikiwa bado kinacheka kikaanza kufunga mizigo. Jua lilipozama hakuwa amebaki mtu nyuma, na hakuna mgongo ulioguswa na kiboko.

Raymundi anasema kiongozi hacheki. Upuuzi mtupu! Nimesoma habari za wafalme na majemadari wa nchi nyingi. Wengi walinuna mpaka kaburini, na watu wao walikufa njaa vilevile. Kununa ni kazi rahisi, hata fisi anaiweza. Utani wetu na Wazaramo ulizaliwa kwenye njia ya misafara, watu wa pwani na wa bara walipokuwa wakigawana kiu na mizigo, wakaona afadhali watukanane kuliko kuuana. Huo ndio usomi ambao Raymundi hakuupata, na mjomba wako anao.

Wala usidhani hakuwa na uchungu. Nilimfikia njiani, nikaona shavu lake halijakauka, na kicheko kilikwisha muda mrefu. Nikamwuliza kama walipanga na Mfaume. Akanijibu, "Mpango gani, Damas? Mimi nilikuwa naufuata mlango wa mke wangu."

Basi mwambie mtemi hivyo. Mwambie mwenye wazimu ni yule anayetaka kijiji kiongozwe na uso uliokunjwa.

Jambo moja limebaki. Nyumba mpya imekwisha, lakini mlangoni pametundikwa mkeka. Ngollo alipeleka mzinga wa asali, Mfaume akala asali na mlango akaukatalia. Anasema hatampa mwanangwa ambaye watu wake wenyewe wanamshitaki. Ataukabidhi mkononi mwako, mbele ya mtemi, ukishakubali kutukanwa vya kutosha.

Bibi Tekla anakusalimu, Bi Flavia anakusalimu na kinu chake, na Mfaume anakutukana. Mungu akulinde na mashine za mkonge, akurudishe kwetu na vidole vyote. Usikawie njiani, mwanangu. Mbuzi wanaingia ndani kwa mjomba wako.

Nami ni mjomba wako mdogo, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Damas