Minazi ya Bibi Imepisha Nguzo

Kikwajuni, Unguja

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje, na eda umeimaliza salama? Mimi mzima, ila moyo hauna raha. Mwalimu anayekusomea barua zangu namsalimu sana, na hii namuomba asiruke hata mstari.

Siku hizi nazunguka mashamba na injinia Mzungu wa umeme, namfasiria kwenye mikutano. Kila tunapofika watu wanauliza kama taa zitaingia na majumbani mwao, naye hujibu bado. Nshachoka na hiyo bado.

Juzi mkutano ulikuwa kwenu ulikozaliwa, karibu na Mangapwani. Injinia akauliza shamba ni la nani. Mwenye shamba akasimama, akasema ni lake, nguzo zipite tu. Nikaona minazi ya bibi inakwenda, na haki yenu pale ni minazi hiyo tu. Nikamwambia injinia kwamba huku ardhi huwa ya huyu na mnazi wa yule. Akanambia nimeajiriwa kufasiri, sikuajiriwa kusema. Basi nikamwita nduguyo, Mama Mdogo, kutoka kibandani kwake pale pale shambani, maana wanawake hawakuitwa. Akaja mbele ya wanaume wote, kajitanda kanga.

"Shamba lake hatulitaki," alisema. "Minazi ni ya mama yetu, kaipanda kwa mkono wake."

Nikafasiri. Injinia akamuuliza mwenye shamba kama ni kweli. Hakukana, mama. Alisema, "Aliyeipanda keshakufa."

Na hilo nikalifasiri neno kwa neno, kwa mdomo wangu huu huu. Injinia akaitikia kwa kichwa, kwake minazi haina mwenyewe tena, mkutano ukafungwa.

Jana wameiangusha yote. Wakataji wakagawana mioyo ya minazi, kile kiini laini cha kileleni kinacholiwa, wakampelekea na Mama Mdogo kipande. Alikirudisha. Sikuweza kumtazama usoni.

Msalimie shangazi, na dada na wanawe. Najua mashemegi zako wanaitaka nyumba ya marehemu baba, na wewe ushaanza kugawa vyungu vyako ili uje ukae na nduguyo. Vyungu hivyo viombe virudi. Mwenye shamba kamwambia Mama Mdogo avunje kibanda, kwa kuwa hana tena mti wake pale. Usije, mama. Nduguyo ndiye anayekuja kwako.

Mwanao,
Haji