Lebo za Zipu na Bwana Heshima

Jumatatu, 3 Machi

Jina limekwenda! Nimefungua tovuti yetu nimwonyeshe mteja picha za masanduku tuliyoyashona upya — hakuna kitu. Ukurasa mweupe na maneno matatu: Jina hili linauzwa. Mteja akacheka, akadhani ninayeuza ni mimi.

Miaka kumi na moja kila begi linalotoka dukani kwetu lina lebo ya kitambaa mfukoni, yenye anwani hiyo. Begi likipotea, aliyeliokota anatuandikia, nasi tunamtafuta mwenyewe. Wazo la Baba hilo. Watu walimwita Zipu, na tovuti nayo tukaipa jina hilohilo.

Mkunga naye kapita leo, kama kila wiki tangu begi lake lipotee mwezi wa kumi na moja. Kauliza tena: hakuna aliyeandika? Daftari lake lilikuwa humo — kila mtoto aliyempokea, miaka ishirini na sita. Nikamwambia bado. Sikuwa na ubavu wa kusema zaidi. Akaniachia machungwa mawili, mama wa watu!

Jumanne, 4 Machi

Shemeji, mume wa dada, fundi kompyuta, kaja kabla sijafungua duka. Mungu ampe maisha marefu. Anasema jina la tovuti ni kama la kukodi, unalipia kila mwaka. Usipolipia, wapo wanaovizia, wanalidaka, kisha wanakuuzia wewe mwenyewe. Kampuni ilituma vikumbusho saba kwa barua pepe ya Baba.

Barua pepe ya Baba iko kwenye simu ya Baba. Simu iko kabatini, imezimwa, tangu tulipomzika mwezi wa saba. Mama alisema isiguswe mpaka mwaka uishe, sote tukaona ndiyo heshima. Mimi nilidhani barua za wateja zinaingia pia kwenye kompyuta ya duka. Haziingii. Nilidhani watu wameacha tu kupoteza mabegi!

Sijamwambia Mama.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwandikia muuzaji. Nimemwaga yote: kifo cha Baba, lebo, mkunga. Nilidhani ataingiwa na huruma. Jana kwenye ule ukurasa mweupe alitaka bei ya cherehani moja mpya. Leo — cherehani tatu! Na chini kabisa kaandika "Kwa heshima".

Shemeji kashika kichwa. Ungeuliza kama mpita njia, shem, sasa keshajua huwezi kuishi bila hilo jina. Nimejipalia makaa mwenyewe. Tumembatiza Bwana Heshima. Dada kacheka mpaka kakaa sakafuni, nami nikacheka. Nilikuwa nakihitaji kicheko hicho.

Jumamosi, 8 Machi

Dada karopoka, Mama kajua. Alikunja kitambaa kilekile mara tatu. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. Nikamwambia hapana Mama, tulikubaliana sote. Na ni kweli.

Baadaye: "Nunueni jina jingine, la bei ya kawaida. Lebo zinashoneka."

Nimeumia. Jina la Baba, hivihivi tu! Ila sikubisha.

Jumanne, 11 Machi

Jina jipya tumelipata, halikuzidi bei ya boksi la uzi. Tukatangaza: leteni mabegi, tunabadilisha lebo bure. Nilitegemea watu kumi. Foleni imefika kwa kinyozi! Naye katoa viti vyake vyote nje, wateja wake wakanyolewa wamesimama. Dereva wa lori kaja na begi lenye kiraka changu cha kwanza, kimepinda vibaya. Nikataka kukirekebisha. "Usikiguse, mwanangu. Siku hiyo Zipu alikugombeza nikasikia, nikakipenda."

Mkunga hana hata begi la kubadilishia lebo. Kaketi na Mama kutwa nzima, anazitoa lebo za zamani kwa wembe, mkono mwepesi kweli. Mama anaziweka kwenye kopo. Sijui tumewatendea nini watu hawa mpaka watupende hivi. Nashukuru, nashukuru.

Lakini mabegi yaliyo mbali, ambayo hayatakuja?

Alhamisi, 13 Machi

Bwana Heshima kashusha! Cherehani moja, mwisho saa sita mchana leo. Akiba ya cherehani tunayo. Nimeandika "Nakubali" kwenye simu. Sijatuma.

Saa tano na nusu. Mama katoka ndani na simu ya Baba, kaichaji. "Mwaka haujaisha," anasema, "lakini baba yenu hakuwahi kumfungia mteja mlango."

Imewaka, imeshika intaneti ya duka. Inalia, inalia, mpaka meza inatikisika. Vikumbusho saba, vyote. Salamu. Watu wanaoshukuru kwa mabegi yao, hawajui kama hayupo. Na moja ya mwezi wa kumi na moja, ya mlinzi wa stesheni: Nimeokota begi la bluu, lina lebo yenu. Ndani kuna daftari la majina ya watoto, sitalitupa. Namba yangu hii.

Mkunga yuko hapahapa. Nimemsomea mara mbili. Kaweka wembe chini, kamshika Mama mkono.

Laini ya Baba imeshafungwa. Mama kaninyang'anya simu yangu, "Nakubali" ikiwa bado haijatumwa, anabonyeza namba ya mlinzi moja moja, miwani puani. Naandika huku nimesimama. Saa ya ukutani: sita na dakika nne. Hakuna anayeitazama.

Inaita.